Yatima wa Mbelwa

Mashine ilipumua, mtoto akapumua.

Mwantumu alisimama kando ya kitanda cha kioo akitazama kifua cha mtoto wa dada yake kikipanda na kushuka, kidogo kama kifua cha ndege shorewanda. Mtoto alikuwa hajapewa jina. Wauguzi walimwita Mgeni, kwa sababu alikuja kabla hajatarajiwa na hakuna aliyejua kama atakaa.

Saumu, dada yake, aliketi kwenye benchi, kanga mbili mabegani, akimsimulia kwa sauti ya chini. Mgeni amelala vizuri. Mgeni amekojoa. Muuguzi Paskalia amemruhusu kumgusa unyayo kwa kidole kimoja. Mwantumu aliitikia kila jambo, kisha akainama kuweka chupa ya chai chini ya meza, na hapo ndipo alipokiona kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine. Herufi zilikuwa zimefifia lakini zilisomeka: MBELWA, KOROGWE.

Akakisoma tena. Akaenda kwenye mashine ya jirani, na iliyofuata. Tano zilikuwa na kibati kilekile.

Alimuuliza Paskalia kama wana mashine nyingine za kupumulia. Paskalia alisema zipo mbili mpya na zote zina watoto, nyingine ziko njiani kutoka Dar es Salaam, lori litafika kesho mchana Mungu akijalia. Hizi za Mbelwa ni za zamani lakini hazijawahi kuwaangusha. Mzee Mbelwa, alisema, alikuwa na mkono wa fundi.

"Na zikizimika?" Mwantumu akauliza.

Paskalia alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyetaja msiba kwenye nyumba yenye mgonjwa. Akafungua droo, akatoa mfuko wa mpira wenye mdomo mdogo, akaonyesha namna ya kuuminya kwa vidole viwili. Leo wako wauguzi wawili. Ndugu wanaweza kusaidia, ila mapafu ya watoto hawa ni kama ganda la ndani la kitunguu. Mkono uliochoka huminya sana, na wenye hofu vilevile.

"Mpaka kesho mchana kwa mikono? Nitawapoteza wengine. Sikudanganyi."

"Tumu," Saumu akasema kutoka kwenye benchi. "Mbona unauliza hivyo?"

Mwantumu alisema amechelewa kikao. Alimbusu dada yake kichwani na kutoka bila kumtazama machoni.

*

Wakati wa wazazi wao, soketi ilikuwa matundu tu ukutani. Chochote ulichokichomeka kililishwa, kiwe kizuri au kibaya, na nyumba ziliungua. Sasa soketi huuliza. Unapochomeka birika, swali hupita kwenye waya kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na birika hutoa jibu lililopandwa ndani yake na kiwanda kilichoitengeneza. Jibu likiwa la halali, taa ndogo ya kijani huwaka na umeme hupita. Lisipokuwa la halali, soketi hukaa kimya kama jiwe. Hata jenereta huuliza. Hata betri kubwa za hospitali huuliza, maana nazo zimetengenezwa na wanachama wa Umoja.

Umoja wa Watengenezaji wa Vifaa vya Umeme ndio uliopanga swali na majibu. Ulikuwa na wanachama kutoka pwani yote, na makao yake yalikuwa Tanga, kwenye jengo la ghorofa moja nyuma ya kiwanda cha nyaya. Mwantumu Hoza alikuwa msomaji wake. Hakuwa mtu wa maneno. Labda ndiyo sababu walimpa kazi ya kusoma maneno ya wengine.

Kwa miaka mingi pwani yote ilijibu kwa Jibu la Sita, na mioto ikapungua mpaka zimamoto wakaanza kulima bustani uani kwao. Kisha wezi wakaliiga. Pasi na birika zisizo na baba wala mama zikaingia sokoni, kila moja ikijibu kwa adabu kama kifaa halali, na soketi zikazilisha. Jumapili iliyopita, jioni, saa ambazo kila nyumba hupiga pasi sare za shule, mtaa mmoja wa Makorora uliwaka kuanzia pembe hadi pembe.

Leo ilikuwa Jumapili tena. Kabla ya magharibi, Umoja ulipaswa kulifunga Jibu la Sita. Wanachama wote walio hai walikuwa wameshavipa vifaa vyao Jibu la Saba, kila kiwanda lake. Vilivyobaki ni vya viwanda vilivyokufa. Hivyo Umoja uliviita yatima.

*

Alipoingia ukumbini, Mzee Kilua, mtengenezaji wa majiko, alikuwa wa kwanza kumwona. Kila kikao alimchokoza hivyohivyo.

"Mtengenezaji mwenzangu. Vifaranga hawajambo?"

Watu wawili watatu wakacheka. Mwaka wake wa mwisho chuoni, Mwantumu alitengeneza bruda, sanduku la kupasha joto vifaranga, akalileta kwenye maabara ya Umoja likapimwa na kupita. Kwa kanuni za Umoja, aliyetengeneza kifaa kimoja kikapita ni mtengenezaji na mwanachama, akapewa ufunguo wa majibu kama wenye viwanda. Halikununuliwa hata moja. Ufunguo ule, kipande cha chuma cha bluu, aliutundika kwenye mkufu mmoja na funguo za chumba chake.

Mwantumu alitabasamu kwa adabu, akampita, akamfuata mwenyekiti aliyekuwa akinawa mikono mlangoni. Mama Shemdoe alitengeneza transfoma, kama baba yake. Mwantumu alimwamkia, kisha, kwa maneno yaliyotoka yamebanana, akamweleza kuhusu kibati, watoto watano, na lori la kesho.

Mama Shemdoe alifunga bomba. Aliitikisa mikono mpaka ikakauka.

"Nilijua kuna yatima hospitali," alisema. "Sikujua kama ni wa Mbelwa. Wangekuwa wa mwingine yeyote, mwanangu."

Hakuhitaji kumaliza. Kila aliyekulia Tanga alizijua mashine za Mbelwa, na alizijua pasi za Mbelwa. Mzee huyo alitengeneza mashine za hospitali kwa mikono yake, moja moja, na ili azimudu akauza pasi za bei rahisi zilizotengenezwa na yeyote aliyeingia kiwandani siku hiyo. Kidhibiti joto cha pasi hizo kiligandana. Ukiiacha imechomekwa ukaenda kuitikia hodi, uliporudi ulikuta tundu kwenye meza. Watu walizizoea, kama mtu anavyozoea mbwa anayeuma.

Na jibu lilikuwa moja kwa kiwanda kizima. Lilipandwa kwenye vifaa vyote vya baba mmoja kama damu ya ukoo, na hapakuwa na namna ya kuipa mashine jibu hilo na kuinyima pasi. Mwanachama angeweza kusimama aseme analea, na tangu dakika hiyo vifaa vyote vya marehemu vingekuwa vyake, kana kwamba ndiye aliyevikaza skrubu. Kikimuunguza mtu, ni yeye aliyemuunguza. Mahakama zilishalikubali jambo hilo.

Mwantumu aliuliza kama haiwezekani kungoja kesho. Mama Shemdoe akamwonyesha kwa kidevu Mhandisi Mntangi, aliyekaa peke yake mwisho wa meza, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Aliishi Makorora.

"Nenda kamuulize yeye," alisema.

Mwantumu hakwenda. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake.

*

Kusoma kwa Umoja kulikuwa na utaratibu wa zamani. Msomaji alisoma azimio mara ya kwanza, na watu wakaruhusiwa kujadili. Akasoma mara ya pili, na milango ikafungwa. Kisha, kabla ya kusoma mara ya tatu, aliwaita waliokufa. Alitaja kiwanda kimoja, akangoja. Katika kungoja huko palikuwa na neno moja tu lililoruhusiwa ukumbini: nalea. Lisiposemwa, msomaji alitamka, "Hana mlezi," akaendelea na jina linalofuata. Bila maneno hayo mawili hakuweza kwenda mbele, na hakuna aliyeweza kuyasema badala yake.

Katika majadiliano, Mntangi alizungumza kidogo. Alisema hakuja kuwaeleza moto unavyonuka. Alisema watoto wa jirani yake walikuwa wamejificha chini ya kitanda, kwa sababu walifundishwa kujificha wezi wakija, hawakufundishwa moto ukija. Akaomba lifungwe kabla pasi hazijachomekwa.

Mama Shemdoe akawaambia kuhusu hospitali. Alisema wazi, bila kumtaja Mwantumu, kisha akauliza kama yupo wa kumlea Mbelwa. Watu walitazama meza. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alisema ana wafanyakazi, wote wana watoto. Mwingine alisema angezilea mashine hata leo, na mia nyingine, lakini si pasi. Kilua hakuchokoza mtu. Alikuwa akikunjakunja leso.

Milango ikafungwa. Mwantumu akaita.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa cha feni. "Hana mlezi." Cha pili cha redio. "Hana mlezi." Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, laini, ya mtu anayeomba radhi kwa kusikika.

"Mbelwa wa Korogwe," alisema.

Akangoja.

Dirishani jua lilikuwa limeshaanza kulala juu ya mabati. Mahali fulani mjini mama alikuwa akitandika blanketi mezani na kuita nani hajaleta shati lake. Mwantumu aliijua sauti hiyo. Aliijua na sauti ya mashine pia, ilikuwa bado masikioni mwake, ikipanda, ikishuka, na alijikuta akipumua nayo.

"Mbelwa wa Korogwe," alisema tena.

Si kawaida kuita mara mbili. Vichwa vikainuka.

Alifungua kinywa atamke maneno mawili yaliyobaki. Alitaka kuyatamka. Alimtazama Mntangi na bendeji yake, akawaona watoto chini ya kitanda, akajiambia kwamba watu wa mtaa mzima ni wengi kuliko watoto watano, na kwamba hesabu hiyo hata mtoto angeiweza. Kisha akajiuliza kama angeiweza hesabu hiyo kama Mgeni asingekuwa wake. Kinywa kilibaki wazi.

Mntangi alimwelewa kabla ya wengine. Alisema, kinyume cha utaratibu, kwa sauti iliyochoka sana, "Binti, soma. Kila unaponyamaza kuna mtu anachomeka kitu."

Ilikuwa kweli. Ukimya wake ulikuwa ukiua mahali fulani, au ulikuwa ukikaribia kuua, na maneno yake yangeua mahali pengine anapopajua, kwenye kitanda cha kioo cha pili kutoka mlangoni.

Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika funguo za chumba. Aliuhisi ufunguo wa bluu kati ya zile nyingine, mdogo, baridi.

Aliutoa mkufu mzima. Ulikuwa na funguo mbili za mlango, kipande cha ushanga alichopewa na Saumu, na kile chuma. Akauweka mezani mbele ya mwenyekiti, na mlio wake ulisikika mpaka nyuma.

"Nalea," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kilua alinyanyua uso, na kwa mara ya kwanza Mwantumu aliona jinsi alivyo mzee.

Mama Shemdoe alisema kanuni inamlazimu kumuuliza mlezi kama anawajua anaowalea. Akauliza. Mwantumu akasema anawajua. Mntangi alisimama, akauegemeza mkono wake mbovu kwenye kiti.

"Unaijua pasi ya Mbelwa?"

"Nyumbani tunayo."

"Pasi moja ikiunguza nyumba leo, ni wewe uliyeiunguza. Watakufunga. Mimi mwenyewe nitatoa ushahidi."

"Naam, Mhandisi," akasema Mwantumu. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nitaomba uutoe."

Mntangi alikaa. Hakuonekana kama mtu aliyeshindwa wala aliyeshinda.

Waliuchomeka ufunguo wa bluu kwenye kasha la majibu. Taa yake ilifikiri, ikawa kijani. Pwani nzima, kupitia nyaya zilezile, kila mashine na kila pasi iliyotoka Korogwe ilifundishwa kujibu kwa jina la sanduku la vifaranga. Kisha Mwantumu akamalizia majina yaliyobaki, akasoma mara ya tatu, neno kwa neno, mpaka mwisho: Jibu la Sita limefungwa.

Nusu ya taa za ukumbi zikazima. Nje mitaani, kutoka mbali, kukasikika mguno mkubwa wa watu wengi walioshangaa kwa pamoja.

Simu yake ikatetemeka. Saumu aliandika kwamba taa za korido zimezima na mashine zimelia mara moja, kisha zikaendelea. Akauliza kama Tumu anajua ni nini.

Mwantumu aliandika, akafuta, akaandika: Mshike unyayo.

*

Mama Shemdoe alipeleka tangazo redioni, kwamba pasi za Mbelwa zichomolewe na kurudishwa. Lakini redio nyingi zilikuwa zimekufa pamoja na Jibu la Sita, na Mwantumu aliwajua watu wa kwao. Mtu hairudishi pasi inayopata moto.

Alianzia Makorora, kwa sababu huko ndiko nyumba zimebanana na huko ndiko pasi hizo zilikonunuliwa kwa wingi. Watu walikuwa wamesimama nje na birika zilizokufa mikononi, wakiulaani Umoja kwa majina ya kila aina. Nyuma yake, pikapu ya Kilua ilitambaa polepole. Mzee huyo alikuwa amemkuta barabarani, akafungua mlango wa nyuma na kusema kwamba kulea hawezi, ila kuendesha anaweza.

Mwantumu hakuwahi kupiga hodi kwa mtu asiyemjua. Siku zote alimtuma Saumu. Alisimama mbele ya mlango wa kwanza, akatazama taa ya kijani iliyoonekana kupitia pazia, moja tu katika nyumba yote iliyo giza, akasema hodi, na hakusikika. Ikabidi aseme tena.

Mwanamke aliyefungua alikuwa na jasho usoni. Nyuma yake, mezani, shati jeupe la shule lilikuwa limenyooshwa upande mmoja, na pasi imesimama juu ya kisigino chake. Mwantumu alimwamkia, akajitaja, akasema amekuja kuichukua pasi ile, ni mbovu, inaweza kuwaunguza.

"Mwenyewe ni nani?" mwanamke akauliza.

"Ni mimi."

Yule mama alimtazama kuanzia juu mpaka chini, msichana mwembamba mwenye macho mekundu.

"Dada, leo kila kitu kwangu kimekufa. Jiko limekufa. Taa zimekufa. Kilichobaki hai ni hii pasi, na hiyo ndiyo unayoitaka?"

Mwantumu alilitazama shati lililonyooshwa nusu. Hakuna kanuni iliyomfundisha la kufanya. Kwa hiyo aliomba aingie, akavua viatu, akaikamata pasi. Akalimaliza shati: kola kwanza, kisha mkono, kisha mgongo, mkono wake wa kushoto ukiwa juu ya plagi muda wote, tayari kuichomoa. Kidhibiti joto kiligandana mara mbili. Alikisikia kikigandana, sauti ndogo kama ya mtu anayemeza mate, na mara zote mbili alichomoa akangoja, akachomeka tena. Mtoto mwenye shati alimtazama kutoka kwenye jamvi. Mama yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na taratibu mikono hiyo ikashuka.

Alipomaliza alilikunja shati, akampa mama. Kisha akaizungushia pasi kanga yake mwenyewe na kuikumbatia kifuani, kwa kuwa ilikuwa bado ya moto na hakutaka kuiweka chini ndani ya nyumba ya watu. Mama hakumzuia. Alimwambia tu kwamba nyumba ya nne pia wanayo, na yule bibi ni kiziwi, agonge kwa nguvu.

Nje, giza lilikuwa limeanza kushuka mtaani, na sasa taa za pasi zake zilionekana vizuri. Nukta ya kijani dirisha hili, nukta dirisha lile, nyingine kule uani, na mbele zaidi, mpaka barabara ilipopinda. Hakuzihesabu. Nyuma ya kila moja palikuwa na mtu aliyegeuka kidogo, amekwenda kuitikia hodi au kumnyonyesha mtoto. Na ng'ambo ya mji, katika chumba chenye vitanda vya kioo, nukta tano za rangi ileile.

Aliiweka pasi kwenye pikapu. Joto lake lilibaki kifuani. Akaenda mlango wa pili, akainua ngumi, akapiga.

"Hodi," akasema, na safari hii mtaa mzima ulimsikia.